Chupa na kopo la Raskazone: kweli ni mali ya Mjerumani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tukichimba shimo la choo hapa Raskazone, Tanga, tumekuta chupa ya maji ya chuma yenye mabaki ya enameli ya buluu, kopo lenye kutu lililo bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili, na maganda ya risasi. Kopo lina alama ya mshale na herufi I. Wazee wanasema ni vya Mjerumani. Ni vya mwaka gani, na nivisafishe kwa limau?

JIBU: Marahaba. Tanga kila chuma kinachotoka ardhini huitwa cha Mjerumani, nadhani kwa sababu ya ndoto za rupia zilizofukiwa. Hivi vyako ni vya Mwingereza.

Mshale ule wa mistari mitatu, kama unyayo wa kuku, ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa na I chini yake, mali ni ya Serikali ya India ya wakati wa ukoloni. Na hapo ulipo ndipo jeshi lililotoka India chini ya Jenerali Aitken lilipoteremka Novemba 1914, likapigwa na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likarudi melini na kuacha bunduki, bombomu na risasi kwa maelfu.

Kutu nayo ni ushahidi. Kopo la askari wa Kijerumani la mtindo wa 1910 lilikuwa la alumini, lenye umbo la figo, na alumini haifanyi kutu ya kahawia wala haivutwi na sumaku. La Mwingereza lilikuwa la chuma chembamba kilichopakwa bati.

Mwaka ndio mgumu. Chupa za enameli ya buluu zilitumika hata Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo chupa peke yake haitoshi. Tazama vitako vya maganda: tarakimu 13, kwa mfano, ni 1913. Lakini huo ni mwaka wa kiwandani. Wajerumani walivitumia walivyoviteka, na Waingereza waliichukua Tanga Julai 1916, hivyo huenda aliyeinywea chupa hiyo mara ya mwisho ni askari wa von Lettow. Mimi ningeandika “1914 hadi 1916, yaelekea 1914”. (Siku ukikuta kifaa chenye skrubu ya msalaba, usiseme ni cha miaka hiyo, skrubu hizo zilianza miaka ya 1930.)

Limau hapana, siki hapana, brashi ya waya hapana kabisa, maana enameli itabanduka yote. Kausha kivulini, ondoa udongo kwa mswaki laini, kisha weka ndani ya boksi pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu. Andika kina ulichovikuta.

Risasi ikiwa bado ina kichwa, iache palepale uwaite polisi. Na msiendelee kuchimba kutafuta vingine: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Shimo la choo malizeni tu.