Msalabani na Makka: maswali yenu kuhusu kusamehe

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja: kati ya Yesu na Mtume Muhammad, nani alisamehe zaidi?

Yesu alisema geuza shavu la pili, Muhammad akashika upanga. Kuna la kubishania? (Msomaji, Kayole)

Lipo. Yesu aliishi chini ya Warumi, hana jeshi wala mahakama. Muhammad, tangu ahamie Madina mwaka 622, alikuwa mtume, hakimu na amiri jeshi kwa pamoja. Mwenzake wa kulinganishwa naye katika vita ni Mfalme Daudi. Hilo halipunguzi chochote katika yale maneno ya msalabani: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Kuwaombea wanaokugongomea misumari! Kila Ijumaa Kuu hunitoa machozi.

Mbona Wakristo hawaitaji Makka? (Msomaji, Eastleigh)

Basi tuitaje. Mwaka 630 Mtume aliingia mji uliomfukuza, akawaachilia Makureshi, kabila lililoutawala, karibu wote. Wachache waliamriwa kuuawa, na baadhi yao wakasamehewa baadaye.

Mimi huguswa zaidi na Wahshi, mtumwa aliyemuua kwa mkuki Hamza, ami yake Mtume, kwenye vita vya Uhud. Aliposilimu, Mtume alimpokea, kisha akamwomba asimwonyeshe uso wake. Damu imesamehewa, kidonda kingali kibichi. Aliyewahi kumzika ndugu aliyeuawa atalielewa ombi hilo bila kufafanuliwa.

Ila ukitaja Makka, taja na wanaume wa Banu Qurayza, kabila la Kiyahudi, waliouawa Madina mwaka 627 baada ya kujisalimisha, kama sira ya Ibn Ishaq, mwandishi wa kale wa maisha ya Mtume, inavyosimulia. Kuuruka ukurasa huo si kumtetea Mtume.

"Sikuja kuleta amani, bali upanga." Si Yesu huyo? (Msomaji, South C)

Ndiye, Mathayo 10. Endelea kusoma: mtu na babaye, binti na mamaye. Anazungumzia nyumba zitakazogawanyika kwa ajili yake. Upanga wa chuma ulipochomolewa bustanini, aliamuru urudishwe alani.

Waliovamia jengo la maduka la Westgate walidai wanaupigania Uislamu. Nijibu nini? (Msomaji, Parklands)

Katika shambulio lile, lililoanza tarehe 21 Septemba 2013, waliuawa watu 67, Waislamu wakiwemo. Wasomee Qurani 5:32: anayemuua mtu asiyeua wala kufanya ufisadi katika nchi ni kama ameua watu wote. Kisha wakumbushe mwaka 1099, Waislamu na Wayahudi walipochinjwa Yerusalemu na watu waliovaa msalaba. Sijasikia Mkristo hapa Nairobi akisema waliagizwa na Yesu.