Usijifunze Kivumishi cha Kiingereza Bila Kielezi Chake

Kila aliyekulia katika Kiswahili anajua, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba aliyezama usingizini amelala fofofo, kwamba giza likizidi huwa totoro, kwamba shuka iliyofuliwa ikatakata huwa nyeupe pe, na kwamba aliyenyeshewa njia nzima hufika amelowa chepechepe. Maneno haya hayabadilishani nafasi. Hakuna anayelala chepechepe, wala hakuna giza fofofo, na mgeni akisema hivyo tutamwelewa, lakini sote tutageuka kumtazama. Nimeanza na Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu ninalotaka kulishauri kuhusu Kiingereza ni jambo hilohilo: vielezi vyake na vivumishi vyake vimeoana, na anayejifunza lugha hiyo hunufaika zaidi akizichukua jozi hizo zikiwa nzima kuliko akijaribu kuziunga mwenyewe neno kwa neno.

Nimefundisha Kiingereza kwa watu wazima mjini Arusha kwa muda mrefu, na wengi wa wanafunzi wangu ni waongoza watalii, wahudumu wa mapokezi hotelini na wauguzi. Hawa si watu wasiojua sarufi. Wamepita sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na nyakati za vitenzi wanazijua barabara. Kinachoufanya usemi wao uwe mkavu ni neno moja, “very”, ambalo hulitumia kila mahali ambapo Kiswahili kingeweka “sana”. Tatizo ni kwamba “sana” yetu hukubali karibu kila kitu: amechoka sana, anapenda sana, ni mbali sana, asante sana. “Very” haina ukarimu huo. Haitangulii kitenzi, ndiyo maana “I very like it” husikika vibaya na Mwingereza husema “I really like it”; na hata miongoni mwa vivumishi vimo vinavyoikataa.

Vinavyoikataa ni vile ambavyo vimekwisha kufika kileleni kwa maana yake. “Cold” ina ngazi, kwa hiyo mtu anaweza kusema “very cold”, lakini “freezing” ni baridi iliyokwisha kufika mwisho, na “very freezing” haisemwi. Husemwa “absolutely freezing”. Ndivyo ilivyo kwa “tired” na “exhausted”, “big” na “huge”, “hungry” na “starving”. Nikiwa darasani nawaambia wanafunzi wajiulize kama kivumishi chenyewe tayari kina “kabisa” ndani yake. Kama kinayo, waweke “absolutely” au “completely”, na wakiwa na shaka waweke “really”, ambayo hukaa vizuri pande zote mbili.

Hatua hiyo ni ya kwanza tu, na utajiri wenyewe uko mbele yake. Chukua mwongoza watalii anayewaandaa wageni wake kwa usiku wa kupanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Akiwaambia kwamba kutakuwa “very cold”, watafikiria sweta. Akiwaambia kutakuwa “bitterly cold”, watauhisi upepo unaochoma uso na vidole vinavyokufa ganzi ndani ya glavu, na wataanza kukagua mizigo yao upya. “Bitterly” imetokana na uchungu, na kwa sababu ya uchungu huohuo hukaa pia na majuto: mgeni aliyelazimika kugeuzwa njiani kwa sababu ya ugonjwa wa mwinuko atakuwa “bitterly disappointed”. Hata hivyo, kielezi hichohicho hakiendi na joto, wala hakiendi na furaha. Hakuna kanuni ya sarufi itakayokuambia hivyo. Ni mazoea ya wasemaji wenyewe.

Mazoea hayo, lakini, hayakosi mwelekeo, na mwelekeo huo husaidia sana. “Deeply” hupenda hisia na imani: “deeply grateful”, “deeply concerned”, “deeply religious”. “Highly” hupenda sifa za kitaaluma, tathmini na uwezekano: “highly qualified”, “highly skilled”, “highly likely”. “Heavily” hubeba uzito na wingi, kwa hiyo gari lililojaa mizigo ni “heavily loaded”, majambazi wenye silaha nyingi ni “heavily armed”, na mama mjamzito anayekaribia kujifungua ni “heavily pregnant”, msemo ambao wauguzi wangu huushangaa mwanzoni kisha hawausahau. Kwao wauguzi jambo hili ni zaidi ya uzuri wa lugha, kwa sababu “seriously ill” na “critically ill” ni hali mbili tofauti za mgonjwa, na anayepokea taarifa kwa simu anaitegemea tofauti hiyo. Vilevile katika barua ya kuomba kazi: andika kwamba wewe ni “highly motivated”, lakini usiandike kwamba utakuwa “highly happy” kuitwa kwenye usaili, kwa sababu furaha haiendi na “highly”.

Wataalamu wa lugha wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. J. R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na baadaye kompyuta zikawezesha kuhesabu maandamano hayo katika hazina kubwa za matini. Hazina ya Kiingereza cha Uingereza, British National Corpus, ina maneno milioni 100, na ile ya Kiingereza cha Marekani iliyoanzishwa na Mark Davies na kufunguliwa kwa umma mwaka 2008 imepita maneno bilioni moja. Zote mbili zinapatikana kwenye intaneti. Ninawashauri kwa moyo wote mzitumie: andika kivumishi, kwa mfano “aware”, uliza ni vielezi gani hukitangulia mara nyingi, na utaona “well”, “fully” na “acutely” vikijitokeza. Ni bora kuliko kukisia, na ni bora mara nyingi kuliko kumuuliza mwalimu, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu mwalimu hujibu kwa kumbukumbu yake peke yake.

Katika daftari, anza na kivumishi, kisha utafute kielezi chake, wala usifanye kinyume chake. Anayekusanya orodha ya vielezi hujikuta na maneno mengi yasiyojua pa kukaa. Andika sentensi nzima yenye mtu na jambo kutoka katika kazi yako, kisha uitumie siku hiyohiyo, hata kama ni kwa kumwandikia mwenzako ujumbe mfupi. Mwanafunzi mmoja mwongoza watalii aliandika “The lions are fast asleep under the acacia”, akaisema porini wiki ileile, na tangu hapo sijamsikia tena akisema “very sleeping”.

Msemo huo unatukumbusha pia kwamba si kila kielezi cha Kiingereza huishia na “-ly”. “Fast” ya hapa haihusu mwendo; ni ile ya zamani yenye maana ya kukazana, iliyomo pia katika “stuck fast”, yaani gari lililonasa matopeni likagoma kutoka. Kuna “wide awake”, na kuna “dead tired”. Upande wa pili, “friendly” na “lonely” ni vivumishi ingawa vina mkia wa kielezi. Mtego mkubwa kuliko yote ni “hardly”, ambayo wengi huidhania kuwa ni “hard” iliyotiwa nguvu. Mlima ambao ni “hardly visible” ni ule ambao mawingu yameuficha hata hauonekani ila kwa shida. Asubuhi kunapokucha kweupe ndipo huwa “clearly visible”.

Wahudumu wa mapokezi, kwa upande wao, nawasihi wawe waangalifu na “quite”. Mbele ya kivumishi cha kilele, kama “impossible”, maana yake ni kabisa. Mbele ya kivumishi chenye ngazi, Waingereza wengi huitumia kupunguza: mgeni wa London akisema chumba ni “quite nice”, hasa akiikazia sauti “quite” yenyewe, huenda anasema kwamba chumba kinafaa kiasi tu, ilhali Mmarekani aliyetamka maneno yaleyale huenda anakisifu kwa dhati. Ukisikia hivyo, usishukuru ukaishia hapo. Muulize kwa adabu kama kuna kitu chochote angependa kirekebishwe, kisha unyamaze kidogo umwachie nafasi ya kujibu.