Usiishie kupiga hodi: nilivyojifunza kuomba msaada kwa watu wa Clojure

Jumapili iliyopita usiku nilipata ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja anayesoma Dodoma. "Shikamoo kaka. Nilifuata ushauri wako nikaanza kuandika programu kwa Clojure. Nimeuliza mara tatu kwa wale watu wako, hakuna hata mmoja aliyenijibu. Nadhani wakiona jina langu wanapita. Mimi naacha, narudi zangu Python."

Niliusoma mara mbili, nikaweka simu pembeni. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe mwaka 2021, pamoja na uchungu wake wote. Kwa hiyo mdogo wangu, marahaba, na jibu lako nimeamua kuliandika hapa, maana najua hauko peke yako.

Wakati ule nilikuwa Dar, kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikitengeneza mifumo ya SACCOS. Mchana niliandika Java kwa ajili ya mshahara, usiku nikajifunza Clojure kwa mapenzi. Kwa asiyeifahamu, hii ni lugha ya programu ya ukoo wa Lisp, ukoo wa mabano mengi ulioanzishwa na John McCarthy pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958. Clojure yenyewe ilitolewa na Rich Hickey mwaka 2007, na inaendeshwa juu ya mashine ya Java, yaani programu ile ile inayoendesha Java. Ndiyo maana niliweza kuiingiza kazini kimyakimya bila kumwomba mtu seva mpya.

Siku niliyoandika programu yangu ya kwanza iliyofanya kazi ya kweli, nilipiga picha skrini nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la vijana wenzangu wa programu. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Kaka mmoja mkubwa kwetu, mtu niliyemheshimu sana, akaandika: "Mabano yote hayo unafungia nini? Hapa Bongo nani atakulipa kwa hiyo?" Watu wakamwaga vicheko. Hakuna aliyeuliza programu inafanya nini. Imepita miaka, nimeshalipwa kwa hayo mabano mara nyingi, na bado nakumbuka ujumbe ule uliingia saa nne na dakika kumi usiku.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipokwama. Nilikuwa na faili la miamala ya wanachama, mistari zaidi ya elfu arobaini, na bosi alitaka jumla ya michango ya kila mwanachama ifikapo Ijumaa. Nilifungua faili kwa with-open, ndani yake nikaita line-seq isome mstari mmoja mmoja, juu yake nikaweka map ya kukata kila mstari vipande. Kila sehemu nikiijaribu peke yake inakubali. Nikiunganisha, inanitupia maneno mawili tu: Stream closed. Faili limefungwa. Limefungwa na nani, wakati mimi ndiye niliyelifungua? Usiku ule nilikaa mpaka adhana ya alfajiri.

Nikasema basi, niende kwa watu wa Clojure mtandaoni. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu huingii nyumba ya mtu na shida yako mdomoni. Unapiga hodi, unangoja karibu, mnaulizana habari za nyumbani na za kazi, ndipo unasema lililokuleta. Nikafanya hivyo hivyo. Niliandika salamu, nikajitambulisha, nikauliza kama naweza kuuliza swali. Nikangoja. Kesho yake nikasalimia tena. Siku nne nilikuwa mlangoni napiga hodi, naona watu wanapita, wanaongea yao, wanasaidiana, mimi hakuna anayenigeukia. Niliumia. Nikawaza kama anavyowaza dada wa Dodoma: ni jina langu hili.

Sisemi ubaguzi haupo duniani. Nasema kwamba siku zile nne sikuwa nimeuliza kitu. Kwa desturi yao mlango uko wazi saa zote, na swali lako ndilo salamu yenyewe. Mtu anayesoma ujumbe wa "habari zenu, naomba kuuliza" anakuwa hana la kujibu, anangoja swali, anaendelea na kazi yake. Hakuna anayelipwa kukaa pale. Mimi niliona nimepuuzwa, wao walidhani sijamaliza kuandika.

Siku ya tano nilikuwa na hasira, na hasira ikanitoa kwenye kosa moja ikanitumbukiza kwenye jingine. Nilibandika kila kitu: programu nzima, zaidi ya mistari mia mbili, na chini yake kipande cha faili lenyewe. Ndani ya dakika chache mtu akaniandikia faragha: "Hayo ni majina na namba za simu za watu halisi? Tafadhali futa sasa hivi." Yalikuwa majina ya wanachama kumi na wanne wa SACCOS, na michango yao. Nilifuta mikono ikitetemeka. Hili nalisema kwa mara ya kwanza hadharani, na nalisema kwa sababu najua kuna mtu anayesoma hapa ambaye kesho atataka kubandika data ya kazini ilivyo. Usifanye hivyo. Wale wanachama walituamini.

Yule yule aliyeniambia nifute ndiye aliyenisaidia. Kwanza akaniuliza: "Unataka kupata nini hasa mwishoni?" Kwa Kiingereza kile kikavu nilisikia kama ananiambia una shida gani wewe. Nusura nifunge kompyuta. Nikamjibu kwa kifupi kwamba nataka jumla kwa kila mwanachama. Akasema, basi nitumie mistari mitatu ya kubuni na jibu unalolitarajia kutoka kwenye mistari hiyo mitatu.

Nikamwandikia. Juma elfu tano, Asha elfu tatu, Juma elfu mbili. Nataka Juma elfu saba, Asha elfu tatu.

Hapo ndipo nilipoona uzuri wa lugha za ukoo huu. Orodha inayotokea kwenye skrini ya Clojure imeandikwa vile vile inavyoandikwa ndani ya programu. Yule bwana alinakili mistari yangu mitatu, akaibandika kwenye REPL yake, lile dirisha la kuandika na kujibiwa papo hapo, na tukawa wawili tunatazama kitu kimoja, mmoja Dar, mwingine sijui wapi. Baada ya kama dakika tano akanieleza. Ile map ni mvivu. Ukiipa kazi haianzi kuifanya, inakupa ahadi kwamba itafanya siku utakapotaka jibu. Mimi nilikuwa naichukua ile ahadi natoka nayo nje ya with-open, na with-open kazi yake ni kufunga faili ukitoka. Nilipokuja kudai jibu, mistari ilikuwa haijasomwa na faili limeshafungwa. Akasema naweza kuweka doall ili isome yote kabla ya kutoka. Kisha akaongeza: "Lakini kama unachotaka ni jumla tu, kwa nini ubebe mistari yote nje? Jumlisha humo humo ndani kwa reduce, utoke na jibu." Lile swali lake lililoniuma ndilo lililonipa jibu bora kuliko nililoliomba.

Ijumaa bosi alipata ripoti yake. Na mimi sikurudi kusema asante.

Hilo linanisumbua mpaka leo kuliko vile vicheko. Mwezi mmoja baadaye nilimwona mtu mwingine ana tatizo lile lile la Stream closed, na yule bwana anaeleza upya, kwa upole ule ule, kutoka mwanzo. Laiti ningerudi nikaandika "imekubali, nimefanya hivi", na programu yangu fupi chini yake, angekuwa na mahali pa kumwelekeza. Nilirudi siku hiyo, nikaandika, nikaomba radhi kwa kuchelewa. Akanijibu neno moja la furaha na tangu hapo akawa ananijua kwa jina. Jina lile lile nililodhani ndilo linalowafukuza.

Miaka iliyofuata naipita. Nilisoma, nikafanya kazi, nikabadilisha ofisi. Mwaka huu nimemsaidia kijana wa Brazil, nchi yenye watu wengi wa Clojure kwa sababu ya Nubank, benki iliyoinunua mwaka 2020 kampuni ya Cognitect alikokuwa Hickey mwenyewe. Tatizo lake lilikuwa uvivu wa map. Nililijibu kama mtu aliye usingizini.

Sasa niseme na wewe unayetaka kufika. Andika swali dogo. Kata programu yako mpaka ibaki mistari mitano inayoonyesha kosa, na data ya kubuni isiyozidi mistari mitatu. Sema ulitarajia nini na umepata nini. Nakili ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, maana picha hakuna awezaye kuibandika kwenye REPL yake. Tangu Clojure 1.10, iliyotoka mwaka 2018, ujumbe wa kosa unakuambia kosa limetokea wakati wa kusomwa, wa kutafsiriwa au wa kutekelezwa, kwa hiyo usiukate kichwa. Ukitaka undani zaidi, kosa la mwisho limehifadhiwa ndani ya *e, na amri ya pst itakuonyesha njia yote liliyopitia. Na swali liwe dogo. Narudia kwa sababu najua utaandika refu.

Tazama saa pia. Ukiuliza saa tatu asubuhi ya Dar wakati wa kiangazi cha Marekani na Ulaya, New York ni saa nane usiku na São Paulo ni saa tisa usiku. Watu wamelala, hawajakudharau. Uliza saa kumi na moja jioni: New York wanaanza siku, Brazil bado ni asubuhi, na Helsinki saa zao ni zetu.

Nawe jibu wengine. Usiseme hujafika kiwango. Anayejua kitu tangu jana ndiye anayekumbuka kilimuuma wapi, na ndugu zangu, sisi tunachukua sana na kurudisha kidogo. Tunalalamika hatuonekani huku tunapita kimya tukishapata chetu. Tubadilike.

Dada wa Dodoma nilimwomba anionyeshe yale maswali yake matatu. La kwanza: "Habari, kuna mtu anajua Clojure hapa?" La pili: "Programu yangu inakataa." La tatu lilikuwa picha ya skrini, na kwa mbali ilisomeka kwamba java.lang.Long haiwezi kugeuzwa kuwa clojure.lang.IFn. Kosa nililijua palepale: aliweka mabano kuzunguka namba 5. Katika lugha nyingi mabano ya ziada hayadhuru kitu, lakini kwenye Lisp mabano ni amri ya kuita, na namba 5 haiitiki. Sikumwambia. Nilitaka auzoee mlango mwenyewe, nikamwambia akate iwe mistari mitano na aulize jioni.

Jana ameniandikia. Amejibiwa na watu wawili, mmoja amemweleza na sababu yake, na programu inakimbia. Nikaenda kuangalia swali lake. Chini ya majibu yale hakuna kitu.

Mdogo wangu, najua unasoma hapa. Rudi ukawaambie imekubali.