Kabla ya wizara, dai ukurasa wa ugomvi

Swali lenu la wiki hii linauliza: uchaguzi ukimalizika bila chama chochote kupata wingi bungeni, chama kidogo kinachoitwa mezani kidai nini kabla ya kukubali kuingia katika serikali ya mseto? Nadhani wengi watajibu wizara, ngapi na zipi. Wengine watataja ilani. Mimi nasema kidai kwanza ukurasa wa ugomvi. Nina maana ile sehemu ya mkataba inayoeleza washirika wakigombana nani ataamua, kwa wingi gani, ndani ya muda gani, na asiyeridhika ana njia ipi zaidi ya kususa. Yale wanayokubaliana yatajiendea yenyewe. Serikali za mseto huvunjikia kwenye yale ambayo siku ya kutia saini kila mmoja aliona afadhali yasitajwe, wasije wakaharibu picha ya kupeana mikono.

Tazameni Afrika Kusini. Uchaguzi wa 29 Mei 2024 uliiacha ANC, chama tawala, na viti 159 kati ya 400, mara ya kwanza kukosa wingi tangu 1994. Katiba yao inataka Bunge jipya likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa. Matokeo yalitoka 2 Juni, Bunge likakaa 14 Juni, na wabunge walikuwa wanaapishwa Cape Town huku wajumbe wa ANC na wa DA, chama kilichokuwa kikuu cha upinzani, bado wanamalizia makubaliano yao. Hata hivyo, katika tamko la nia waliloliandika kulikuwa na kipengele kizuri sana: wakishindwa kuafikiana wote, uamuzi utapita iwapo vyama vya serikali vyenye asilimia 60 ya viti vya Bunge vimekubali.

Pigeni hesabu. Asilimia 60 ya viti 400 ni viti 240. Vyama 10 vilivyounda serikali vilikuwa na viti 287 kwa jumla, na DA peke yake ina 87. Ukiitoa DA, waliobaki wana 200, pungufu ya viti 40. Kwa hiyo kwenye karatasi hakuna kitu kikubwa kingepita bila DA. Aliyekaa mezani na kuipata namba 60 alijua anachokifanya.

Kisha ikaja bajeti. Februari 2025 hotuba ya waziri wa fedha iliahirishwa saa chache kabla ya kusomwa, kwa sababu ndani ya serikali yenyewe hawakuwa wameelewana kuhusu kupandisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 15 hadi 17. Pendekezo likapunguzwa, ugomvi haukuisha. Tarehe 2 Aprili Bunge lilipitisha mfumo wa mapato na matumizi kwa kura 194 dhidi ya 182. DA, mshirika wa pili kwa ukubwa, ilipiga kura ya hapana, na ANC ikaokolewa na ActionSA, chama ambacho hakimo serikalini kabisa! Asilimia 60 ilikwenda wapi? Ilibaki palepale kwenye karatasi. Tamko la nia si sheria, na bungeni zinahesabiwa kura zilizopigwa siku hiyo. Chombo cha kusuluhisha migogoro baina ya vyama nacho kilikuja kuundwa baadaye, mawaziri wakiwa wameshazoea viti vyao. Tukashuhudia DA ikiipeleka mahakamani serikali ambayo mawaziri wake wamo ndani yake. Mwishoni mwa Aprili ongezeko la VAT likaondolewa.

Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Ukurasa wa ugomvi lazima useme pia ni nani atakayeusimamia.

Kenya wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Najua serikali ya nusu mkate ya 2008 haikuzaliwa na hesabu za viti. Ilizaliwa na matokeo ya urais yaliyobishaniwa na damu iliyomwagika, hadi Kofi Annan akawakalisha Mwai Kibaki na Raila Odinga, wakatia saini 28 Februari. Lakini kama mkataba wa kugawana madaraka, ni wa kusomwa na kila anayejiandaa kwenda mezani. Katiba ya 2010, katika vifungu vyake vya mpito, ilimtaka Rais, yaani Kibaki, ashauriane na Waziri Mkuu, yaani Raila, kabla ya kuteua watu wa nyadhifa nyeti. Januari 2011 Kibaki alitangaza majina ya Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Msimamizi wa Bajeti. Raila akasema hakushauriwa. Upande wa Rais ukasema walizungumza. Ni wapi palipoandikwa kwamba mashauriano yakiisha bila kuelewana, kinafuata nini? Hapakuwapo. Mambo yakaenda Mahakama Kuu, yakaenda kwa Spika Kenneth Marende ambaye alisema uteuzi ule ulikiuka katiba, na baada ya wiki kadhaa za kuvutana Kibaki akayaondoa majina yote. Juni mwaka huohuo Willy Mutunga aliapishwa kuwa Jaji Mkuu, safari hii nafasi ikiwa imetangazwa na waombaji wamehojiwa hadharani. Mimi naona huo ndio uliokuwa ushindi, na haukutoka kwenye mkataba. Ulitoka kwa hakimu, kwa Spika na kwa kelele za wananchi.

Sasa kuhusu wizara, maana najua mtaniuliza. Waingereza walitoa funzo la bure. Mei 2010 Conservative walipata viti 306 kati ya 650, na Liberal Democrats wenye viti 57 wakaingia nao serikalini ndani ya siku tano. Wagombea wa Liberal Democrats walikuwa wametia saini ahadi kwa wanafunzi kwamba watapinga ongezeko lolote la ada za vyuo vikuu. Walipofika mezani walipata nini? Ruhusa ya kutopiga kura upande wowote ikiwa serikali itakuja na pendekezo wasiloweza kulikubali. Yaani uliapa utapinga, halafu unajadiliana ili upate haki ya kunyamaza. Na wizara iliyosimamia vyuo vikuu ikaangukia kwa mtu wao, Vince Cable. Desemba mwaka huo kikomo cha ada kilipandishwa hadi pauni 9,000 kwa mwaka, wabunge wao wakagawanyika, wengine ndiyo, wengine hapana, wachache kimya. Uchaguzi wa 2015 uliwarudisha bungeni watu 8.

Wasomaji wengine watasema dawa ni mazungumzo ya hadharani, kila kitu kirushwe moja kwa moja. Sikubaliani. Hakuna mwanasiasa atakayelegeza msimamo mbele ya kamera, na Uholanzi walionyesha hata kikaratasi kinavyoweza kulipuka. Machi 2021 mmoja wa waliokuwa wakiongoza mazungumzo ya kuunda serikali, Kajsa Ollongren, aliondoka mbio baada ya kupata habari kwamba ana korona. Karatasi zake zilikuwa kwapani, na wapiga picha wakazinasa. Mojawapo ilimtaja mbunge mkorofi Pieter Omtzigt na maneno yenye maana ya kumtafutia kazi kwingine. Waziri mkuu Mark Rutte akakana kumzungumzia, kumbukumbu za vikao zikaonyesha alimzungumzia, na nusura ang'olewe. Serikali ilipatikana siku 299 baada ya uchaguzi. Wafunge milango wakizungumza, haidhuru. Ninachokataa ni mkataba uliokamilika kufungiwa kabatini. Wajerumani wa chama cha SPD mwaka 2018 waliupeleka mkataba wao kwa wanachama wote wapige kura, theluthi mbili hivi wakasema ndiyo, kisha Angela Merkel ndipo akachaguliwa tena kuwa kansela.

Haraka nayo inamnufaisha mkubwa, hasa kama ndiye aliyekuwa madarakani na bado anashikilia ofisi zote mazungumzo yakiendelea. Sisemi watu wakae siku 541 kama Wabelgiji mwaka 2010 na 2011. Lakini siku 14 hazitoshi kuandika ukurasa ninaousema, na chama kidogo kinachoogopa kuitwa kikwazo kitasaini chochote.

Ukurasa huo ukikataliwa je? Basi chama kibaki nje na kiuze kura zake moja moja. Hii ndiyo njia watu wanayoidharau, eti ni ya waoga. Mwaka 2017 DUP ya Ireland Kaskazini, yenye wabunge 10 tu, haikuwa na waziri hata mmoja katika serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, Theresa May. Ilikubali kumuunga mkono katika kura za imani, bajeti na sheria za kutoka Umoja wa Ulaya, na jimbo lao likapata pauni bilioni moja za nyongeza. Mkataba ulichapishwa, mfupi, kila mtu akausoma. Huenda mtasema waliukiuka walipoukataa mpango wa May wa kutoka Umoja wa Ulaya tarehe 15 Januari 2019, mpango ulioangushwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Lakini kesho yake ilipoitishwa kura ya kutokuwa na imani, walirudi upande wake kama walivyoandikiana. May akapona kwa kura 325 dhidi ya 306. Wale 10 wangegeuka, ingekuwa 315 kwa 316.