Maswali na majibu: kupima mkao na mwendo wa mtu kwa sauti

Maswali yafuatayo yanahusu vihisi vya mwangwi, vile vyenye "macho" mawili vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Jicho moja hurusha sauti tusiyoisikia, ya kilohezi 40. Jingine husubiri mwangwi. Muda uliopita kati ya kurusha na kupokea ndio unaotoa umbali.

Mimi ni fundi samani, Nkuhungu. Mteja wangu ni karani, hushinda amejikunja mezani na mgongo unamuuma. Naweza kumtengenezea kiti cha kumkumbusha akae wima?

Unaweza, fundi, na kazi kubwa hapo ni useremala kuliko programu. Tafuta vihisi viwili aina ya HC-SR04 na bodi moja ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo itakayosoma vihisi na kupiga kengele. Kihisi kimoja hakitoshi, kwa sababu kinajua mgongo uko umbali gani tu, hakijui umekaaje. Weka cha kwanza sentimita 15 juu ya kikalio, usawa wa kiuno. Cha pili kiwe sentimita 45, usawa wa sehemu ya juu ya mgongo. Cha juu kikiongeza umbali huku cha chini kimetulia, mtu amejikunja. Cha chini kikiongeza huku cha juu kimetulia, ameteleza mbele. Vikiongeza vyote viwili, ameinamia meza. Na visipopata mwangwi wowote wa karibu, kiti ni kitupu.

Wengi hukwama hapa: kihisi hiki hakipimi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 2. Mgongo ukiyagusa macho, kinatoa namba zisizoeleweka. Kila jicho lina kipenyo cha milimita 16, kwa hiyo toboa matundu ya milimita 17 kwenye egemeo na macho yaje hadi usawa wa ubao. Usiyafiche nyuma ya tundu, maana sauti itagonga kingo na kurudi kabla haijaufikia mgongo. Kisha gundisha vipande viwili vya sponji ngumu vya unene wa sentimita 4, kimoja kila upande wa macho, mgongo uegemee hapo. Jaribu kwa kuegemea kwa nguvu: sponji ikibonyea hadi unene wake ukawa chini ya sentimita 3, tafuta ngumu zaidi.

Vihisi visirushe sauti kwa pamoja, la sivyo kimoja kitapokea mwangwi wa mwenzake. Anza na cha chini, subiri milisekunde 60, ndipo cha juu. Chukua vipimo vitano, vipange kwa ukubwa, tumia cha katikati. Wastani haufai, namba moja ya sentimita 300 iliyopotea njia inaharibu nyingine zote.

Siku ya kukabidhi, mteja akae wima sekunde 30 na bodi ihifadhi vipimo vyake, kwa sababu migongo haifanani. Kengele ilie tofauti na vipimo hivyo inapozidi sentimita 6 kwa dakika 2 mfululizo. Ukiiacha ilie papo hapo, kila akiokota kalamu inapiga kelele, na kufika saa nne asubuhi atakuwa ameshaichomoa. Mwambie pia kwamba kiti kinakumbusha tu, hakitibu. Kuinuka na kutembea kidogo bado kunahitajika, na maumivu yasiyoisha ni ya kupeleka hospitali.

Mimi ni mwanafunzi, natumia bodi ya ESP32 badala ya Arduino. Imefanya kazi siku mbili, sasa pini ya Echo haisomi kitu.

Huenda pini imeungua. HC-SR04 hutoa volti 5 kwenye Echo, pini inayoleta habari ya mwangwi, wakati pini za ESP32 ni za volti 3.3. Kwenye bodi mpya au pini nyingine nzima, pitisha waya wa Echo kwenye rezista ya kiloomu 1 hadi kwenye pini, kisha toka kwenye pini hiyo hadi graundi kwa rezista ya kiloomu 2. Trig, pini inayokiamuru kihisi kirushe sauti, haina shida. Iunganishe moja kwa moja.

Niko Mpwapwa. Kihisi kinapima umbali hadi ukutani, mita 3. Mchana na alfajiri namba hazilingani. Je, ni kwa sababu ya mwinuko wa huku?

Mwinuko hauhusiki. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini shinikizo na uzito wake hupungua pamoja, kasi ya sauti ikabaki ileile. Kinachobadilisha ni joto. Chukua 331.3, ongeza 0.6 mara nyuzi za Selsiasi, utapata kasi kwa mita kwa sekunde. Kwenye nyuzi 15 ni kama 340; kwenye nyuzi 32 ni kama 350. Tofauti hiyo ya asilimia 3 ni takriban sentimita 9 katika mita 3, lakini kwenye kiti, penye sentimita 20, haifiki hata sentimita 1. Kwa hiyo mwenye kiti asihangaike. Wewe ongeza kipimajoto na uingize hesabu hiyo kwenye programu. Na usikiweke karibu na bati lililopigwa na jua.

Shikamooni. Baba yangu ni mzee sana, tunaishi naye Kondoa. Usiku huamka na kutoka bila kutuita. Kihisi kinaweza kutuamsha?

Marahaba, mama. Kinaweza, ila kisielekezwe kitandani. Matundu ya chandarua ni madogo kuliko wimbi lenyewe, ambalo lina urefu wa karibu milimita 9. Sehemu ya sauti hurudi kutoka kwenye wavu, na upepo wa dirishani ukiutikisa, kengele inalia usiku kucha bila mtu kuamka.

Kichomekee chandarua chini ya godoro. Kihisi kiwe chini ya usawa wa godoro, sentimita 25 kutoka sakafuni, kikitazama sambamba na ubavu wa kitanda, pale mzee anaposhusha miguu. Mguu ni mwembamba na wa mviringo, mwangwi wake ni dhaifu, kwa hiyo usitegemee zaidi ya mita 1.5. Ondoa viatu na ndoo mbele yake. Kumbuka tu kwamba kifaa hiki hakitambui mtu aliyeanguka mbali na kitanda. Asilale peke yake kwa kukitegemea.

Simu inaweza kufanya kazi hiyo bila kihisi?

Ndiyo, kwa spika na maikrofoni yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha simu ikifuatilia kupumua kwa mtu aliyelala kwa sauti ya kilohezi 18 hadi 20. Spika za simu nyingi hudhoofika kwenye masafa hayo, na watoto wengine huyasikia.

Vumbi la Dodoma linaziba macho ya kihisi. Ninunue kile kisichopitisha maji?

Kwa kiti, hapana. Aina hiyo, JSN-SR04T, haipimi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 au 25. Safisha kwa brashi laini na kavu, usitumie maji.

Mwajiri wetu anataka kufunga viti hivi ofisini na kuhifadhi rekodi za kila mtu. Anaruhusiwa?

Hakuna picha inayochukuliwa, lakini rekodi ya nani alikaa muda gani ni taarifa binafsi akishajulikana mwenye kiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Muulizeni kwa maandishi taarifa hizo ni za nini, nani atazisoma na zitafutwa lini. Kiti cha kukumbusha hakihitaji kuhifadhi chochote zaidi ya vile vipimo vya sekunde 30.