Kushona blanketi la viraka katika nyumba yenye watoto

Dada, umeuliza utapata wapi muda wa kushona blanketi la viraka ilhali una watoto wanne na biashara sokoni. Mimi nashona hapa Bukavu, na kilichonisaidia ni kuacha kungojea siku nzima iliyo huru, kwa sababu siku hiyo haiji katika nyumba yenye watoto.

Blanketi la mita 1.5 kwa mita 2 linahitaji viraka 300, kila kimoja kikikatwa sentimita 12 kila upande ili kibaki na 10 baada ya kushonwa. Ukiunganisha viraka 6 kila jioni, watoto wakiwa wamelala, upande wa juu utakamilika kwa jioni 50. Kazi hiyo naifanya kwa mkono, maana sindano haihitaji umeme wala haimwamshi mtoto, na cherehani naiachia mishono mirefu ya Jumamosi. Mabaki ya vitenge waombe mafundi wa kushona wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, lakini tafadhali yafue yote kabla ya kukata, kwa kuwa kitenge kipya huwa na wanga na vingine hutoa rangi, na inauma sana kuona kazi ya miezi miwili ikiharibiwa na kipande kimoja chekundu.

Sindano na mkasi vifungie katika sanduku lenye kifuniko. Binti yako mkubwa mwachie kupanga rangi sakafuni. Wangu alianza akiwa na miaka 8, na sasa anashona pamoja nami.