Ndiyo, ni Mark Lanegan yuleyule

Ndugu, umeuliza kama aliyeimba kwenye bendi ya roki ya Screaming Trees ndiye huyohuyo wa bendi nyingine, Queens of the Stone Age. Ndiye, sikio lako halijakudanganya. Mark Lanegan, mtu wa Ellensburg, jimbo la Washington.

Kwa Screaming Trees sauti bado ina ujana. Sikiliza "Nearly Lost You" ya 1992: magitaa yanapiga kelele kila upande, naye anapanda juu yake kwenye kiitikio bila kupayuka. Miaka kumi baadaye, kwenye "Songs for the Deaf", albamu ya Queens of the Stone Age, sauti imeshuka, imekuwa nzito na yenye mkwaruzo, kama mtu aliyekesha akivuta sigara. Pale haimbi nyimbo zote, wanapokezana. Lakini ikifika "Hangin' Tree", unajua tu kaingia.

Ila mimi, ukinilazimisha nichague, nitachukua albamu ya 2006 aliyoimba na Isobel Campbell, yule dada wa Scotland aliyetoka bendi ya Belle and Sebastian. Yeye anaimba kama ananong'ona, karibu pumzi tupu. Lanegan anakuja chini yake taratibu, hata hajisumbui kuinua sauti. Nyimbo nyingi aliandika Isobel mwenyewe, na utadhani alimpimia Mark kila neno kama fundi cherehani. Isikilize usiku, kwa hedifoni. Spika ya simu itakuharibia.

Baada ya hapo tafuta The Gutter Twins, kundi la Lanegan na mwanamuziki mwenzake Greg Dulli. Lanegan alifariki Februari 2022, akiwa na miaka 57.